Programu ya Bwana Sleyum

Shangazi yangu Ruqaya ana miaka ishirini na sita katika kampuni ya kompyuta pale Darsait, na ole wako uiseme vibaya mbele yake. Programu yao ya maduka ya dawa aliiandika mwanzilishi mwenyewe, Bwana Sleyum, na maelezo yote ya ndani, ya kuwaongoza mafundi, aliyaweka kwa Kiswahili cha Unguja, kama anayezungumza na wadogo zake. Vijana walioajiriwa baadaye, wasemao Kiarabu tu, hawakukijua. Shangazi ndiye aliyewasomea.

Miaka miwili iliyopita Bwana Sleyum aliacha kuja kazini. Kila aliyepiga simu nyumbani kwake Al Amerat aliambiwa, "Kapumzika." Kwetu sisi ukijibiwa hivyo huulizi tena, unasubiri uitwe. Shangazi alisubiri mpaka akaingiwa na kinyongo, akidhani mzee amewatupa. Mimi nasema wazi: adabu nyingine ni upuuzi mtupu.

Mwaka huu programu ikaanza kukosea tarehe za dawa kuisha muda. Wateja wakahama, akabaki mmoja mwenye maduka kumi na manne, naye akatoa muda hadi Alhamisi. Akiondoka huyo, kampuni inafungwa. Kosa lilikuwa katika sehemu ambayo hata shangazi hakuwahi kuielewa. Basi akachapisha kurasa za sehemu ile, akanikabidhi usukani, tukavuka milima hadi kwa mzee bila kualikwa.

Bi Jawaher, mke wa mzee, alitufungulia. Alipoziona karatasi, machozi yakamlengalenga, lakini akatupisha ndani.

Mzee alikuwa sebuleni, kanzu imenyooka kwa pasi.

"Shikamoo, Bwana Sleyum," alisema shangazi.

"Marahaba, mwanangu. Wewe mtoto wa nani?"

Shangazi akacheka, akidhani anataniwa. Akampa kurasa, akamwonyesha lilipo kosa. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno, uso ukimchangamka. Shangazi akanifinya mkono kwa furaha. Hata mimi niliamini tumeokoka.

Mzee akamrudishia karatasi kwa mikono miwili.

"Huyu alieandika haya fundi khasa," akasema. "Nnakwambieni, mtafuteni yeye. Atakusaidieni."

Bi Jawaher akageukia ukutani. Shangazi akaubusu mkono wa mzee.

"Inshallah, Bwana," akasema. "Tutamtafuta."

Akalia pale pale mbele yake, na mzee akawa anambembeleza, akimwuliza nani kamuudhi.