Funguo Zilizokaa kwa Shangazi

Baba yangu alijifunza kuendesha gari akiwa amepita miaka sitini, baada ya kustaafu ualimu na kununua pikapu kuukuu. Kwa miguu alikuwa mpole kuliko watu wote ninaowafahamu. Mbuzi akiingia shambani kwake, alimtoa kwa kumbembeleza. Lakini akishika usukani, sijui ni nini kilimwingia.

Barabara yetu inapanda kutoka Kikatiti kuelekea mlimani. Ni ya vumbi, nyembamba, mfereji wa maji upande mmoja na nyumba za watu upande mwingine. Kadiri unavyopanda, migomba na mibuni inakusogelea mpaka majani yanagusa vioo. Asubuhi isiyo na mawingu Meru iko mbele yako, na ukigeuka unaiona theluji ya Kilimanjaro. Baba alitaka kuiona milima yote miwili huku anaendesha.

"Tazama mlima ulivyojivua leo!" alikuwa akisema, shingo imegeuka, mguu umekandamiza mafuta.

Mama aliacha kupanda gari lile mwezi wa kwanza. Alisema ataenda ibadani kwa miguu, maana yeye anataka kufika kanisani, siyo mbinguni. Majirani wakisikia honi waliita watoto ndani. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno, kwa sababu nusu yao aliwafundisha kusoma.

Jumamosi moja nilitoka Levolosi, ninakoishi, kwenda kuwasalimia wazazi. Baba akanipokea Kikatiti, tukaanza kupanda.

"Baba, punguza mwendo."

"Barabara hii naijua tangu sijaota meno."

Tukakata kona iliyo karibu na kwa shangazi, dada yake mkubwa. Shangazi mwenyewe alikuwa katikati ya njia, mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Baba akazungusha usukani. Gari likaruka ukingo, likaingia shambani kwa shangazi, likalaza migomba mitatu na kuzimika. Mkungu mmoja ukaangukia boneti.

Nilishuka nikakimbilia barabarani. Shangazi alikuwa amerukia mfereji, amekaa humo, maji yamemfika kiunoni, majani yake yanaelea kwenda zake.

"Shikamoo, shangazi," nilisema. Ndiyo maneno pekee yaliyonijia.

"Marahaba, mwanangu. Nishike mkono."

Kifundo cha mguu kilikuwa kimeteguka. Zaidi ya hapo alikuwa mzima. Baba alikuja akiyumba, machozi yakimtoka. Sikuwahi kumwona akilia, hata msibani.

"Dada, nisamehe."

Shangazi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Nilikubeba mgongoni kwenye barabara hii hii mpaka ulipoanza kukimbia. Sikukudondosha hata siku moja. Lete funguo."

Akazifunga kwenye pindo la kanga yake iliyolowa. "Ukitaka gari, njoo kwa miguu uzichukue. Jioni uzirudishe."

Nilidhani baba, mzee wa kanisa na babu wa wajukuu sita, angekataa. Alitii. Kwa miezi minane alitembea nusu saa kuteremka kwa dada yake kila alipotaka kuendesha, kisha nusu saa kurudi lilipo gari. Migomba mitatu akaipanda upya kwa mikono yake. Shangazi hakumpa funguo kabla hajakaa akanywa chai, au bakuli la loshoro, mahindi yaliyochanganywa na mtindi wa asubuhi ile. Akija anahema, alinyimwa kabisa.

"Leo una haraka. Panda bodaboda."

Siku nyingine baba alisahau hata alichofuata, wakakaa barazani mpaka mchana wakizungumza habari za wazazi wao. Mama alinipigia simu akicheka: "Baba yako amehamia kwa dada yake."

Polepole baba akaanza kuendesha kama aliyebeba mayai. Siku moja aliwakusanya majirani na majembe, wakainua matuta mawili barabarani, moja mbele ya kwa shangazi na jingine karibu na shule. Hapo shangazi akamrudishia funguo.

Mwaka jana binti wa shangazi aliolewa Olasiti. Tulikwenda na pikapu, mama na shangazi mbele na baba, mimi nyuma na zawadi. Kupitia kidirisha nilimsikia shangazi, gauni jipya limemkaba, akianza kukosa subira.

"Mdogo wangu, kaza mwendo kidogo. Wataanza bila sisi."

"Wataanza, dada," baba alijibu, mikono yote miwili kwenye usukani.

"Mimi ndiye mama wa bibi harusi!"

"Ndiyo maana nataka ufike."

Shangazi alinuna njia nzima. Tulipoingia kanisani, pete zilikuwa zimeshavishwa. Alipita katikati ya watu akichechemea, kiatu kimoja kilichombana kiko mkononi, akiwaeleza wa kila upande, kwa sauti ya kusikika mpaka madhabahuni, kwamba amechelewa kwa sababu ameletwa na dereva mzuri.