Sufuri Kwanza

Krrr, tak. Mlio huo wa printa Bilhah Amolo ameubeba tangu mwaka jana, siku karani wa saiba, duka la intaneti karibu na kambi ya wachuma chai, alipochapa barua yake ya kliniki, akaiacha juu ya mashine, foleni nzima ikisoma. Kufika jioni, wanawake wa laini yote ya nyumba za kambini walikuwa wakimpa pole kwa sauti za matanga, kwa ugonjwa ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuutaja kwa kinywa chake.

Ndiyo maana Ijumaa hii alisafiri mpaka Kaplong, ambako hakuna anayemjua. Daktari wa kampuni alitaka karatasi zake nne za hospitali kwa barua pepe, zikiwa faili moja ya PDF, kabla ya saa sita. Zikifika, atahamishiwa kwenye kitalu cha miche, kazi ya kukaa. Zisipofika, Jumatatu anarudi kuchuma majani kwa mkono ambao, tangu upasuaji, hauinuki kupita bega.

"Lete simu, mama, nihamishe hizo picha za karatasi kwa kompyuta," alisema Chepngeno, mwenye saiba.

Bilhah akaifunika simu kwa kiganja. "Picha zangu haziingii kwa mashine ya mtu."

"Basi tusihamishe. Kuna ukurasa unazigeuza hapo hapo, ndani ya brauza ya simu yako. Haziendi popote."

"Nani amesema haziendi?"

"Wenyewe wameandika."

"Hata yule karani alisema siri yangu iko salama."

Kwa miaka kumi na tisa Bilhah hajawahi kutundika gunia la majani kabla karani wa mizani hajamwonyesha mshale ukiwa kwenye sufuri. Vijana humwita Mama Sufuri. Sasa tabia hiyo ikaamka.

"Ukifungua huo ukurasa, halafu tuzime mtandao wote, utafanya kazi?"

Chepngeno akakuna kichwa. "Unapaswa kufanya. Lakini sijawahi kujaribu."

"Nionyeshe sufuri kwanza."

Ukurasa ukafunguka. Chepngeno akazima mtandao wote wa simu, akairudisha kwa mwenyewe.

"Sasa nipigie," Bilhah akaagiza, akataja nambari yake. Chepngeno akapiga kwa simu yake; sauti ya yule mwanamke wa mitambo ikajibu kwamba mteja hapatikani.

"Mimi hapa nimekalia kiti chako, na sipatikani!" Wakacheka wote wawili.

Kisha Chepngeno akageukia dirisha, akawa anamwelekeza kwa mdomo tu. Chagua picha. Zipange. Bonyeza hapo chini. Duara dogo likazunguka, likasimama, na karatasi nne zikatokea zikifuatana kama kitabu.

Bilhah akaangalia tena: mtandao bado umezimwa. "Sasa nani amefanya hii kazi?"

"Simu yako, mama. Ukurasa umeifundisha tu."

"Kumbe inaweza!" Akaigeuzageuza kama mtu aliyegundua chumba kipya ndani ya nyumba yake.

"Ipe faili jina, ndio turudishe mtandao umtumie daktari," Chepngeno akasema, bado akitazama nje. "Lolote tu."

Kule kambini watu huuita ugonjwa wake "ile kitu." Bilhah akainamia simu, kidole kimoja kikitafuta herufi, akajisomea kwa sauti ambayo Chepngeno, hatua mbili kando, aliisikia kwa shida:

"Saratani ya Bilhah. Imetibiwa."