Ndeke Tuliyoishona Katuba

Sisi tuliokulia Katuba, mtaa wa mji wa migodi, wakati simu ilikuwa bado kitu cha ofisini, tulicheza michezo ambayo watoto wa leo hawaijui hata kwa jina. Tuliruka kamba mpaka vumbi jekundu likatufika kifuani. Tulikunja nyaya tukapata magari. Tukiitwa kula bukari na sombe, ule ugali na kisamvu, tulikimbia, maana aliyechelewa alikuta sufuria imekwisha kukwanguliwa. Lakini uani kwetu, katika lupango letu, kulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo katika lupango lingine lolote: ndeke, yaani ndege. Ndeke ya kweli, ya viti viwili, iliyokuwa ikizaliwa polepole chini ya paa la mabati, kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo.

Baba alikuwa fundi wa vyuma katika karakana ya mgodi. Michoro alipewa na rubani mmoja mzee, aliyekuwa akipeleka barua na dawa Mitwaba na Kilwa, Kilwa ya huku kwetu, si ile ya pwani, miezi ambayo barabara hazipitiki. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha pia kurusha. Mbao Baba alizichagua moja moja, akizigonga na kuzinusa kama mtu anayenunua samaki. Injini ilitoka katika gari dogo la zamani. Majirani walichungulia juu ya ukuta, wakamwuliza, "Fundi, iyi kuku yako itataga siku gani?" Baba alicheka nao, akaendelea kupiga randa.

Mama alikuwa mshonaji. Mabawa yalipokuwa mifupa mitupu, Baba alimletea kitambaa, akasema kwa aibu kidogo, "Mama Kapinga, sasa ni kazi yako." Kapinga ndiye mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

Tulisimamisha bawa wima kama ukuta. Mama alikaa upande ule, mimi upande huu, na kila ubavu wa mbao tuliufunga kwa uzi uliopita katikati. Alichoma sindano ndefu, ikatokea kwangu; niliivuta, nikairudisha. Hatukuonana, tulijuana kwa uzi tu. "Usivute sana, usilegeze," aliniambia kutoka ng'ambo. Kisha akapitisha pasi ya makaa juu ya kitambaa, nacho kikajikaza mbele ya macho yangu mpaka kikalia kama ngoma. Tukakipaka rangi yenye harufu kali, tabaka juu ya tabaka, na wiki nzima bukari yetu ilinukia rangi. Kila Jumamosi baada ya hapo Mama alizunguka akigonga kitambaa kwa kidole, kichwa kakiinamisha, huku Baba akikagua nyaya, buji za injini na mafuta, akiandika katika daftari.

Mtu wa ofisi ya anga alikuja, akakagua, akatia sahihi. Tukaifungua mabawa, tukaipakia kwenye lori hadi shamba moja kwenye barabara ya Kasenga, penye uwanja wa nyasi, tukayafunga tena. Siku ya kuruka nusu ya mtaa ilikuja. Wanakwaya wa kanisa letu walivaa sare zao za Jumapili, wakaimba. Waliokuwa wakicheka kuku walikuja pia, wamenyamaza.

Baba alikuwa amekwisha kuvaa kofia yake wakati Mama alipoanza kuzunguka na kidole chake. Kwenye bawa la kushoto alisimama. Akagonga. Akagonga tena.

"Baba Kapinga, ndeke haiyende leo."

"Juu ya nini?"

"Apa inalia mubaya. Mu bawa muko kintu kimekatika."

Baba akaja, akatazama, akapapasa. Kitambaa kilikuwa kizima, laini, kinang'aa. Akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu, nikasikia. "Mama Kapinga, bantu bote bale banatungoya. Usinipatishe haya."

"Bangoye," alisema Mama. Akafungua mkoba wake, akatoa mkasi, akauchoma katika bawa.

Sijasahau sauti ile ya kitambaa kinachopasuka. Kwaya ilikatika katikati ya neno. Jasho letu la miezi, na mishono yangu ndani yake, akalifungua kwa urefu wa mkono. Baba aliingiza mkono, akapapasa ndani. Alipoutoa alikuwa ameshika kipande cha mbao. Ubavu mmoja ulikuwa umevunjika, bila shaka lori liliporuka shimo, na ncha yake ilikuwa imelala juu ya waya unaogeuza ndeke. Angani, waya ungenasa.

Baba aliketi kwenye nyasi. Kisha akainuka, akavua kofia, akaiweka kichwani mwa Mama. Watu wakarudi nyumbani, wengine wakinung'unika.

Wiki tatu baadaye, bawa likiwa limepona, tulikuwa watu wachache tu pale uwanjani. Injini ikanguruma, nyasi zikalala chini. Ndeke ikakimbia, ikidunda, ikidunda, kisha ikaacha kudunda. Nikaona nafasi ndogo ya mwanga kati ya magurudumu na ardhi. Nafasi ile ikakua. Kitu nilichokijua kila mshono kilikuwa juu ya miti, na jua lilipita ndani ya mabawa yake hata mbavu zikaonekana, moja moja, kama za kiumbe hai. Nilizihesabu mpaka machozi yakanizuia.

Baba alipotua alimwita Mama. Mama alisema apana mara mbili, kisha akakaza kitambaa chake kichwani, akapanda. Wazazi wangu wote wawili wakaiacha ardhi mbele ya macho yangu, nami nikabaki kwenye nyasi. Niliogopa, ndiyo, lakini woga ule ulikuwa mdogo kuliko ule mshangao.

Leo ndeke ni yangu, nami ndiye ninayeirusha. Nimebadilisha kitambaa chake mara mbili, mara ya mwisho bila Mama; aliyekuwa upande wa pili wa bawa ni fundi niliyemwajiri, mtu mwema, anavuta uzi sana. Vijana wa mtaani wanakuja shambani wakiwa wamependeza. Hakuna anayeuliza bawa linashikwa na nini. Wanaomba kofia yangu, wanapiga picha mbele ya propela, na kesho yake nasoma mtandaoni kwamba eti wako njiani kwenda Dubai.

Kiangazi kilichopita nilimpandisha Baba. Macho yake hayaoni tena. Nilimfunga mkanda, nikaiinua ndeke taratibu, na tulipofika juu akauliza kwa sauti kubwa, "Kapinga, unaona nini?"

Enzi zake chini pale palikuwa msitu mpaka upeo wa macho. Nilimwambia ukweli: mabati, Baba, mabati tu, na kule mashimo ya migodi, mekundu, na malori kama siafu. Miti imebaki mistari michache kando ya mto.

Nikadhani nimemuumiza. Kisha akanyoosha mkono, akatafuta ubavu wa ndeke, akaugonga kwa kidole, kichwa kakiinamisha upande kama alivyofanya Mama.

"Panda kidogo," akasema. "Kule juu kungali vile vile."

Nikapanda.