Idi Mbili za Mtopanga

Mwezi ni mmoja, sasa Idi zinakuwaje mbili? Swali hilo alinitupia mwalimu wetu darasani. Nilipolipeleka kwa nyanya, akanijibu kwa msemo wake uliofunga kila mjadala: "Mwezi hauonwi kwa simu, mjukuu wangu." Sikuridhika. Hata leo siridhiki upesi.

Kama ulikulia Kisauni, unayajua haya. Kichochoro chetu pale Mtopanga kilingoja mwezi uonekane kwetu, kwa macho. Jirani tuliyepakana naye ukuta alifuata mwezi ulioonekana Saudia. Basi karibu kila mwaka wao walisherehekea na sisi bado tumefunga.

Wivu nilioupata siku hizo haukuwa mdogo. Asubuhi nasikia sufuria zao zikigongana, kisha harufu ya pilau inaruka ukuta, nami nimekaa na ungo nachambua mchele wa Idi yetu, ambayo hata haijulikani kama ni kesho. Halafu binti yao, wa rika langu, anatokea mlangoni kwetu, gauni jipya, hina mpaka viganjani.

"Njoo tucheze!"

"Nimefunga."

"Mwezi wenu umelala nini?"

"Wenu ndio umeamka kwa uroho!"

"Haya, kaa na njaa yako!"

"Nyinyi!" mama anafoka kutoka jikoni. "Maneno hayo na saumu wapi na wapi?"

Binti anarudi kuketi barazani kwao, peke yake, mchana kutwa. Niliamini anaturingia.

Mwaka huu nimeipata hiyo Idi ya mapema niliyoitamani. Huku Uingereza tulisali katika ukumbi wa michezo wa kukodi, goli la mpira wa kikapu likining'inia juu ya imamu, kisha kila mtu akakimbilia kazini. Nikapika pilau, nikala nimesimama. Nilipompigia mama akasema, "Idi njema, mwanangu. Sisi kesho, inshallah," kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa pole.

Kesho yake nikiwa zamuni, picha zikaanza kuingia: mahamri, kaimati, watoto wakienda nyumba kwa nyumba kudai mkono wa Idi, sarafu zikilia mifukoni. Kama sikukuu ni ibada, na yangu imeshatimia, mbona nilitamani kulia? Niliwaonea wivu wote, hata mbuzi aliyepita nyuma ya picha.

Nikamwandikia binti wa jirani, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili na anafanya kazi hotelini Shanzu. Nikamwambia namwonea wivu, kama zamani. Akanitumia ujumbe wa sauti, kicheko kikitangulia.

"Wivu gani, mwenzangu? Wewe ulikuwa na kichochoro kizima. Mimi nilikuwa na gauni. Nivae, nimwendee nani? Kila mlango watu wamefunga."

Kisha akaniambia jambo ambalo hata mamake hajawahi kulijua. Miaka ile yote, siku ya Idi yao, sahani yake ya pilau aliwamwagia paka nyuma ya nyumba. Akashinda na njaa barazani, akingoja adhana ya magharibi, afuturu pale pale, wakati mmoja nasi.