Koti Jekundu la Wifi Yangu

Nilikutana na nusu ya kijiji chetu gulioni Same, na kila mtu akajifanya hanioni.

Ngojeni niwaeleze, maana aibu hii nimeikalia tangu mwaka themanini na sita.

Enzi hizo nguo ilikuwa ya mgawo. Huku milimani tulishona kiraka juu ya kiraka, na baridi yetu mnaijua. Ndipo mitumba ikaruhusiwa.

Kaka yangu Isihaka, kibarua wa mkonge, akamletea mkewe Ziada koti. Jekundu, vifungo vikubwa.

Ziada akaja nalo kwenye msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Kijiji kizima tulikuwa tunazoa tope kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Mwanzisha nyimbo ni mimi, miaka yote.

Siku hiyo naimba, haitikii mtu. Wanawake wote wanashikashika koti la Ziada!

Wivu ukanikaba. Sifichi, roho iliniuma.

Nikatupa jembe chini. "Hiyo ni kafa ulaya! Mzungu kafia humo! Unanyonyesha mtoto umevaa nguo ya maiti?"

Jirani yangu Stumai akatema mate. Wengine wakasogea mbali.

Kufika saa sita, Ziada alikuwa anazoa tope peke yake, na mimi naimba kwa raha zangu.

Wiki haikuisha, watu wakawa hawanywi hata maji ya mtungi wake.

Na mimi? Koti halinitoki moyoni!

Miezi miwili baadaye nikaaga kwamba naenda kumwona mgonjwa Same. Nikajitanda kanga mpaka puani, nikanyoosha gulioni kwenye mitumba.

Nani huyo kainama kwenye rundo? Stumai! Nyuma yake mama Hezroni, kakumbatia masweta, na wengine chungu nzima, wote wanajifanya hawanioni.

"Stumai, si ulitema mate wewe?"

"Ningefanyaje, dada? Nilidhani wenzangu wote wameamini."

"Kwani nani aliamini?"

Wakatazamana. Hakuna hata mmoja!

Tulicheka mpaka muuzaji akatushangaa. Nikachagua langu, jekundu vilevile, tukapanda mlima tumependeza.

Nikapitia kwa Ziada. Mtoto anakohoa, kafunikwa kipande cha gunia.

"Wifi, koti lako liko wapi?"

"Nililichoma siku ileile."

"Ulichoma? Kisa nini?"

Akanishangaa. "Si ulisema wewe, wifi? Huyu mtoto si damu yenu? Ungenidanganyaje?"

Nikavua koti, nikamnyooshea. "Mfunike mtoto."

Akarudi nyuma mpaka ukutani, kamkumbatia mwanawe.

"Tafadhali, wifi. Usimguse."

Niliapa kwamba nilisema uongo. Hakunisadiki.

Jamani, kabla hujatema mate kwa sababu wenzako wametema, muulize wa pembeni yako kama anaamini. Na wewe mwenye mdomo unaosikilizwa, uchunge. Kijiji kizima kilinifuata bila kuniamini. Aliyeniamini alikuwa mmoja tu, yule niliyemwonea wivu.