Mtoto Aliyekatazwa Chumbani

Binti yangu alikuwa anasomea shahada ya pili ya lishe ya mama na mtoto, kwa kompyuta, chumbani kwake Nguvumali, katika chuo cha wazungu ambacho hajawahi kuukanyaga mlango wake. Chuo hichohicho kinachoifundisha dunia kwamba mtoto anyonye kila anapotaka kilimwandikia kuwa siku ya mtihani asiwemo mtu mwingine chumbani, hata mtoto mchanga. Nilimwambia anisomee tena. Akanisomea.

"Mtu wa wiki mbili atamnong'oneza majibu gani?" nikamuuliza.

"Ndiyo sheria yao, mama."

Nimeona wajinga wa kila namna, lakini ujinga wa wenye vyeti ni ujinga uliopigwa pasi.

Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo sikuwa nakitamani chuo wala kukiogopa. Nilichokuwa nakitaka ni huyu mtoto wangu amalize. Alianza na mtoto mmoja, katikati akapata wa pili, na mwishoni kabisa, imebaki mitihani sita tu, akajifungua wa tatu, wa kike. Miaka yote hiyo alisikiliza walimu huku mmoja amempakata na mwingine anavuta waya wa kompyuta, sauti yake ameifunga ili wazungu wasisikie sufuria. Mumewe, karani mmoja mwenye mashati mengi, alikuwa akimsaidia kwa kumuuliza, "Hivi utamaliza lini?" Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliifanya kwa bidii.

Aliomba mitihani isogezwe mbele mpaka atoke arobaini. Wakamjibu kwamba asipofanya sasa asubiri mwaka mzima. Akaniambia, "Nikisubiri mwaka, mama, sirudi tena." Nami nilijua anasema kweli. Mwanamke mwenye watoto watatu hana mwaka wa akiba.

Sasa kwetu mzazi haachwi peke yake chumbani mpaka arobaini ziishe, na mtoto hatolewi nje. Mimi ndiye nilikuwa namkanda kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga, na kisu cha kumkinga na shetani chini ya mto nilikiweka kwa mkono wangu. Sikuwa mtu wa kuidharau mila. Niliowadharau ni hao walioishika mila kwa mdomo.

Walikuwa wawili, mkwe wangu, yaani mama wa huyo karani, na binti yake. Walitoka Maramba kuja kumwangalia mzazi, wakakaa kwenye makochi wakaangaliwa wao. Siku tatu hakuna aliyeosha kikombe. Siku ya mtihani wa kwanza, saa nne asubuhi, binti yangu alinikabidhi mtoto ameshiba, akatujulisha kwamba msimamizi wa mtihani anaona na kusikia kila kitu kupitia kompyuta, na sauti ya mtu ikisikika mara mbili mtihani unafutwa. Akajifungia.

"Mkwe," mwenzangu akaanza, "mzazi unamwacha peke yake na shetani?"

"Hayuko peke yake. Yupo na mzungu."

"Hilo nalo la kuchekesha?"

"Sijacheka mimi. Basi ingia wewe ukae naye, wamfutie."

Hakuingia. Watu wa namna hii huwa wanakwambia mtoni kuna mamba huku wewe ndiye uliyetumwa maji.

Baadaye binti yangu alinihadithia kwamba mtihani ulichelewa kuanza. Aliambiwa aizungushe kompyuta, aonyeshe kuta, chini ya kitanda, chini ya mto. Chini ya mto kikaonekana kisu changu. Yule msimamizi akauliza kama yuko salama nyumbani. Akamjibu kwamba ni cha mama yake. Nadhani hilo halikumtuliza.

Haikupita saa moja mtoto akaamka. Binti yangu alikuwa amekamua maziwa kwenye kikombe. Nikampa kwa kijiko, akayatema yote shingoni kwangu. Nikambembeleza, nikamtembeza, wapi. Akapasua sauti moja, na papo hapo nikasikia nyuma ya mlango mwanamume anasema neno fupi, la ukali. Nikajua hiyo ni ya kwanza. Ya pili ndiyo mwisho.

Nilichukua kanga nikamfunika, nikampaka masizi ya sufuria kwenye paji la uso, kinga ya jicho baya, nikafungua mlango wa mbele.

"Mama! Mtoto hajatolewa nje!" yule binti wa Maramba akapiga kelele.

"Fumba mdomo wako, wewe, utahesabiwa sauti."

Nikatoka. Miaka yangu yote sijawahi kumtoa mtoto kabla ya siku zake. Nilivuka uchochoro mpaka nyumba ya pili, kwa jirani yetu mmoja, mwanamke kijana aliyekuwa na wana watatu, wa mwisho wa miezi sita. Alikuwa anachambua mchele. Mjukuu wangu alikuwa analia mpaka amekuwa mwekundu.

"Ana nini, mama?"

"Njaa. Mama yake yuko kwenye mtihani."

Akasukuma ungo pembeni, akanyoosha mikono. "Nimpe?"

Hapo nilisimama. Wenzetu wa pwani wanajua kwa nini. Mtoto akinyonya kwa mwanamke mwingine anakuwa ndugu wa kunyonya wa watoto wa yule mwanamke, na ndugu hawaoani. Mitaa ya kwetu niliyokulia mimi, nikiulizwa leo nani kanyonya kwa nani, nitawataja mmoja baada ya mwingine, waliokufa na walio hai, kwa sababu akikosekana mtu wa kukumbuka, harusi inapigwa ya kaka na dada. Hili si jambo la kulifanyia mchezo. Na mtoto hakuwa wangu.

Lakini aliponyamaza kuvuta pumzi nilimfikiria mama yake, amekaa mbele ya lile jicho la kompyuta, kifua kinamwaga kwa kila kilio. Nikasema, "Mpe."

Saa saba binti yangu akafungua mlango. Gauni lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Swali lake la kwanza halikuwa la mtihani.

"Amenyonya?"

"Amenyonya. Kwa jirani."

Akaketi kitandani. Akamtazama mwanawe aliyelala, akaligusa lile doa la masizi. "Haya," akasema. "Amenyonya."

Sebuleni ilikuwa matanga. Mkwe wangu alishika kichwa. "Umemfungia mtoto mlango wa ndoa," akaniambia, "kesho na keshokutwa kijana wa jirani akimtaka itakuwaje?"

"Ana siku kumi na tisa," nikasema, "mnamtafutia mume?"

Jioni karani aliporudi akaambiwa kwa machozi. Alikuja kwangu na ile heshima yake ya ofisini. "Shikamoo, mama. Lakini, mama, mngenipigia simu kwanza."

"Marahaba. Ungekuja na maziwa?"

Akaenda msikitini kumuuliza sheikh, na alirudi uso umemnawiri. Sheikh amesema mara moja haifungi udugu. Mpaka anyonye mara tano, kila mara ashibe. Waliolia wakafuta machozi, na mkwe wangu akasema yeye siku zote alikuwa anajua hivyo. Mimi nikawa nahesabu. Mitihani ilikuwa imebaki mitano.

Wa pili tulijaribu kijiko tena, kisha kitambaa kilicholowekwa maziwa, mtoto akavikataa. Nikavuka uchochoro. Wa tatu nikavuka. Kila nikirudi namkuta mkwe wangu dirishani ameinua vidole, viwili, vitatu, kana kwamba mtoto hajui njaa, anajua hesabu. Baada ya wa nne karani akatangaza mbele ya mama yake kwamba mtihani wa tano atachukua ruhusa kazini, amlee mwanawe mwenyewe. "Ni suala la utaratibu tu, mama," akaniambia. Miaka yote nilikuwa naulizia huo utaratibu ulikofichwa.

Binti yangu alimsikia. Alikuwa anasoma na wale wakubwa wawili wamemlalia miguuni. Hakuinua macho. "Mtihani wa tano ndio mgumu kuliko yote," akasema. "Wakishanipa onyo la pili, mmenimaliza. Fanyeni mnavyoelewana, sauti isifike huku."

Siku hiyo nilikaa jikoni kwa makusudi. Nilimsikia baba mtu kibarazani akiimba wimbo wa mpira. Nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Akaimba tena, kwa haraka zaidi. Mtoto akaanza kile kilio cha kwanza cha chini, kinachopanda ngazi. Mama wa karani na dada yake wakatoka, mmoja anasema mpige mgongoni, mwingine anasema mgeuze, mgeuze, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono. Mimi nilikuwa nakatakata kitunguu. Nilisema moyoni, hapa sitoki. Leo sitoki hata mtihani ufutwe. Kisha kilio kikapanda, nikakitupa kisu nikakimbilia kibarazani.

Baba mtu hakuwepo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mdomo wazi, akitazama uchochoroni. Karani alikuwa anakimbia miguu mitupu, shati lake jeupe limejaa maziwa, mwanawe amembana kifuani kama mtu anayeokoa godoro kwenye moto. Nikamfuata. Nilimkuta nje ya pazia la jirani, ameinamisha kichwa, hawezi kuingia wala kurudi.

"Hodi, dada. Naomba umpe."

"Shemeji, hii ni ya ngapi?" jirani akauliza kutoka ndani.

"Ya tano."

"Na unajua?"

Kule nyuma mama yake alikuwa anamwita kwa jina lake la utotoni. Karani alinigeukia mimi, akanipa mtoto nimpitishe ndani ya pazia.

"Najua," akasema. "Mpe mpaka ashibe."

Nikampitisha. Karani akaketi chini palepale mlangoni, juu ya viatu vya watu, akabaki hapo mpaka saa saba.

Binti yangu alifaulu mitihani yote sita. Wana wa jirani ni watatu, na sasa ni kaka zake mjukuu wangu. Nimeshamfundisha baba yake majina yao kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wa kati bado anamsahau.