Gazeti Lilisema Ninacheza Densi ya Kumshukuru Mwenye Timu

Admin, ukiweka kisa hiki ficha jina langu na la timu. Watu wa mtaa wetu wa Rhonda, hapa Nakuru, watanijua tu, lakini sijali sana.

Nina miaka kumi na minane. Nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na niko nyumbani nikingoja kuitwa chuo. Mimi ni mtu wa aibu. Shuleni mwalimu akiuliza swali nilikuwa naangalia viatu vyangu hata kama jibu ninalo. Mahali pekee sauti yangu hutoka ni uwanjani, kwa sababu tunaimba wote na hakuna anayegeuka kuona ni nani.

Timu yetu ni ya mtaa na ilivaa kijani tangu kabla nizaliwe. Miaka miwili iliyopita ilinunuliwa na mdosi mmoja, tajiri mwenye malori mengi, yale yanayolala Salgaa kwenye kituo cha malori cha barabara kuu. Sitamnyima haki yake. Kabla aje, wachezaji walikuwa wanaenda mechi za mbali bila kula. Alileta basi, akalipa mishahara, tukapanda ligi. Baba yangu alikuwa akifua jezi za timu bure kwa mapenzi tu, na sasa ameandikwa kazi. Unga tunaopika unatoka kwa huyo mtu. Goli likiingia, nashangilia kama kila mtu.

Lakini aliondoa jina la timu akaipa la kampuni yake, na jezi zikawa njano kama malori. Kapteni wetu alipoulizwa na mwandishi, alisema wachezaji wanataka jina la zamani. Wiki iliyofuata hakuwa kwa timu. Mtangazaji wa redio akasema kapteni "ameomba kupumzika". Tulicheka kwa uchungu, maana kapteni mwenyewe alikuwa ameketi nasi mashabiki, anakula njugu, macho mekundu.

Kwa hivyo mdosi aliposimama kutupungia mkono siku hiyo ya mechi, tulizungusha mikono yetu mbele ya kifua, vile kocha huonyesha anataka mchezaji atolewe aingie mwingine. Maana yake ilikuwa huyu naye abadilishwe. Hatukumtukana, wala hatukurusha chupa. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimevaa kijani.

Mpiga picha akaninasa. Sasa, mikono kwenye picha haizunguki. Jumatatu nikajiona gazetini, macho nimefunga, mdomo wazi, na chini wameandika: shabiki akicheza densi kumshukuru mfadhili.

Mama aliikata akaibandika ukutani. Wenzangu wa uwanjani walinipokea kwa makelele. "Niaje, densa! Ulilipwa soda ama tishati?" Nikawauliza kama wamesahau tulikuwa tunafanya nini. Msichana aliyekuwa amesimama kando yangu siku hiyo akaniambia, "Sisi tunajua. Lakini Nakuru yote inajua ile ya gazeti."

Niliwaandikia wenye gazeti warekebishe. Hawajajibu mpaka leo.

Halafu ofisi ya timu ikampigia baba. Mdosi amefurahi, anataka niende redioni Jumamosi asubuhi, moja kwa moja hewani, nieleze vile mashabiki wanamshukuru. Baba alikuja nyumbani akiwa na furaha ambayo sijawahi kuona, na ikabidi nimwambie ile mikono ilimaanisha nini. Akaketi juu ya ndoo.

"Ulikuwa unamtoa?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nafua jezi zake."

"Unafua jezi za timu, baba."

Kisha akaniita vile huniita mimi bintiye, "Mami, ni dakika mbili tu. Sema asante, urudi nyumbani. Hata mimi hiyo njano siipendi, inashika matope vibaya. Lakini umewahi kunisikia nikisema?"

Nikamwambia sawa, nitaenda. Hakuniuliza nitasema nini, na mimi sikumwambia.

Nimeandika kwa karatasi. Nitasema asante kwa basi na kwa mishahara, kwa sababu ni kweli. Nitasema kapteni hakuomba kupumzika. Nitasema mikono yangu ilikuwa inasema nini, na kwamba timu ilikuwa na jina kabla inunuliwe. Najua baba anaweza kufutwa kazi kwa sababu ya hizo sentensi. Lakini uwongo wa kwanza uliandikwa na watu wasionijua. Huu wa pili wanataka utoke kwa mdomo wangu, na mdomo wangu hawajaununua.

Kwa hivyo msinishauri kama niseme ama ninyamaze. Hiyo nimeamua. Nisaidieni na hili moja tu, nyinyi mlio na wazazi na mlio wazazi: nimwonyeshe baba karatasi hii leo, akiwa bado anaweza kunikataza, ama nimwache aisikie Jumamosi, redio ikiwa dirishani na yeye akianika jezi?